Mama wa Dawati la Nyuma

 Huku kwetu maharage ya vuli yameshavunwa, kazi iliyobaki ni kuyapiga na kuyaanika, na watoto wamerudi shuleni na madaftari mapya. Huu ni mwezi wa hesabu kwa mama wa nyumbani: hii ya sare, hii ya sabuni, hii ya mchango wa uji. Safari hii naomba tuongeze fungu moja ambalo wengi wetu hatulipigii hesabu kabisa, nalo ni fungu la masomo ya mama mwenyewe.

Nianze kwa kuungama kosa. Ninaye jirani, mama wa miaka 31, mwenye watoto watatu. Wa pili, mvulana, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Kwa muda mrefu watu walisema mtoto amekuwa mkaidi: anaitwa haitiki, anatumwa haendi. Bibi yake alimchapa zaidi ya mara moja kabla ya kutambua kuwa hasikii.

Alipofika umri wa kuanza shule alipokelewa katika shule ya msingi ya jirani. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja. Yule mwalimu, kwa wema wake, alimwambia mama, "Njoo ukae naye, maana mimi peke yangu sitamfikia." Basi mama akakaa dawati la nyuma pamoja na mwanawe. Baada ya wiki chache akaletewa na msichana mwenye ualbino ambaye haoni ubaoni, kisha mvulana mzito wa kuelewa, kisha wengine. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa na watoto watano. Alifanya kazi hiyo miaka miwili. Mshahara wake ulikuwa kikombe cha uji saa nne.

Mwaka wa tatu mwalimu yule akahamishwa, akaja na mkuu wa shule mwingine. Alimwita jirani yangu ofisini, akamwambia kwa upole, "Mama, nakushukuru kwa kazi yako. Lakini wewe si mwajiriwa, wala huna cheti. Likimpata jambo mtoto wa mtu, nitamjibu nini mzazi wake?" Jirani akaondoka. Mwanawe naye akaanza kubaki nyumbani, kwa sababu bila mama pale nyuma shule kwake ilikuwa ni kuangalia midomo ya watu ikicheza.

Jioni ile alikuja kwangu, akaniambia, "Mama, nataka kusomea kazi hii nipate cheti." Nami, niandikaye kila mwezi kuwatia moyo akina mama, nilimjibu, "Binti yangu, una watoto watatu na kibanja. Wakati wako wa shule umepita. Mwachie Mungu." Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake.

Hilo ndilo kosa langu. Sasa nitawaeleza lililonibadilisha mawazo, kwani nadhani lina somo kwetu sote.

Penseli niliyonyooshewa

Jumapili moja nilikuwa nafundisha watoto kanisani. Yule msichana mwenye ualbino alikuwamo. Nilimpa karatasi na penseli, nikamwambia aandike jina lake. Hakuandika. Alininyooshea penseli. Nikamrudishia, akaninyooshea tena, akasubiri. Alikuwa amezoea kuandikiwa.

Nilipomweleza jirani yangu habari hiyo nilidhani atafurahi kwamba mtoto anamkumbuka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hilo ni kosa langu mimi. Nilikuwa namwandikia ili asiachwe nyuma na wenzake. Sikujua njia nyingine. Ndiyo maana nataka kusoma."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimedhani anatafuta karatasi ya kumrudisha darasani. Kumbe alikuwa ameona mwenyewe mahali ujuzi wake ulipokomea. Upendo anao, uvumilivu anao, lakini kumsaidia mtoto ajifunze ni jambo jingine, na jambo hilo lina ufundi wake.

Wala si yeye peke yake aliyeteleza hapo. Nchini Uingereza, baada ya taarifa ya kamati ya Mary Warnock ya mwaka 1978 na sheria ya mwaka 1981, watoto wenye mahitaji maalumu walianza kupokelewa zaidi katika shule za kawaida. Akina mama wengi wakaajiriwa kuwa wasaidizi wa darasani, na baadaye vikawekwa vyeti vya ufundi stadi vya kazi hiyo, ngazi kwa ngazi. Kati ya mwaka 2003 na 2008 watafiti wakiongozwa na Peter Blatchford wa Chuo cha Elimu cha London walichunguza kazi ya wasaidizi hao. Waliyoyaona yaliwashangaza wengi: watoto waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama yao waliosaidiwa kidogo.

Je, wasaidizi walikuwa wavivu? La hasha. Watafiti walieleza kwamba wengi wao hawakuandaliwa, hawakupewa nafasi ya kupanga kazi pamoja na mwalimu, na walikazania zaidi kazi imalizike kuliko mtoto aelewe. Ni penseli ileile niliyonyooshewa mimi hapa Mabira.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukisikia kuna mafunzo ya kuwasaidia watoto wazito au wenye ulemavu, usidhani ni mafunzo ya kuongeza huruma. Ni mafunzo ya kumsaidia mtoto kwa namna ambayo kesho atakuhitaji kidogo kuliko leo.

Kazi hii haikuanza jana

Huenda ukajiuliza kama mambo haya si ya Wazungu tu. Hapana. Hapa Tanzania shule ya kwanza ya wasioona ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Katika mkoa wetu wa Kagera tunazo shule za Mugeza, Bukoba, moja ya viziwi na nyingine ya mseto ambamo watoto wenye ulemavu na wasio nao husoma pamoja.

Mwaka 1994 wajumbe wa Serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo ijitengeneze impokee kila mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayotaja elimu kuwa haki yao. Tangu Januari 2016 ada imefutwa, na watoto wengi waliokuwa wakifichwa chumba cha ndani wametoka nje. Mlango umefunguliwa. Upungufu mkubwa ni wa watu wenye ujuzi wa kumfundisha aliyeingia.

Wenzetu wa jirani nao wamejenga vyuo. Kenya ina Taasisi ya Elimu Maalumu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986. Uganda, ambayo sisi wa Kyerwa tunaitazama ng'ambo ya Mto Kagera kutoka Murongo, ina Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimojawapo kikiwa cha elimu maalumu. Kwetu chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, ambako walimu hujifunza kufundisha wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili.

Njia ilivyo

Niliporudi kwa jirani kumwomba radhi, tuliketi chini ya migomba na daftari, tukaandika njia nzima. Nawapa kama tulivyoiandika, kwa kuwa najua wapo wenzake katika vijiji vingine.

Shule zetu za msingi za Serikali hazina ajira ya msaidizi wa darasani kama ile ya Uingereza. Njia iliyonyooka ni ualimu: kwanza chuo cha ualimu, kisha elimu maalumu. Na mlango wa chuo cha ualimu ni matokeo ya kidato cha nne. Kwa miaka ya karibuni Wizara imekuwa ikidai daraja la kwanza hadi la tatu. Jirani yangu alimaliza kidato cha nne miaka kumi na miwili iliyopita, akapata daraja la nne. Hivyo ilimbidi arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Hapo aliogopa. Alisema, "Mama, mimi na Hisabati tuliachana zamani." Tukapiga hesabu pamoja, na hesabu ile ndiyo iliyomwondolea hofu. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Daraja la tatu ni pointi 22 hadi 25. Basi mwenye C tatu na D nne ana pointi 25, naye amefika. C huanzia alama 45, na D huanzia alama 30. Akasema, "Kumbe sitakiwi kuwa hodari wa Hisabati. Natakiwa alama thelathini." Ndivyo ilivyo. Wengi wetu tunaogopa mlima ambao hatujaupima urefu.

Lipo jambo jingine la kuangalia, nalo ni wakati. Mtihani hufanyika Novemba, lakini usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni kabisa mwa mwaka, na mwenye kuchelewa hutozwa zaidi au huachwa. Anayesubiri fedha ya kahawa ya Julai ndipo ajisajili amekwisha kuchelewa mwaka mzima. Jirani yangu aliweka fedha ya kahawa katika sanduku la VICOBA, akaongezea ya maharage, Januari akawa tayari.

Mama ambaye hakufika kidato cha nne asikate tamaa. Kwake uko Mtihani wa Maarifa, wengi wanauita QT, ambao akiufaulu huruhusiwa kufanya wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, hufundisha masomo ya sekondari nje ya shule za kawaida. Na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata mimba, kurudi shuleni. Mwenye binti aliyezalia nyumbani na aisikie habari hiyo.

Nawasihi pia: msitegemee maelezo ya shangazi aliyesomea ualimu zamani. Serikali imekuwa ikiupandisha ualimu wa shule ya msingi kutoka ngazi ya cheti kwenda stashahada, na masharti hubadilika. Soma tangazo la mwaka unaoomba. Kama hulielewi, mpelekee ofisa elimu kata akusomee. Kuuliza si ujinga.

Baba wa nyumba

Mumewe ni fundi mwashi, mtu mpole. Nilimkuta anachanganya udongo. Akaniambia, "Mama, mimi sikatai asome. Lakini watu watasema mke wangu anakaa darasa moja na watoto wa jirani."

Nikamwuliza, "Mwanao alipoacha kuitika, watu walisemaje?"

"Walisema mkaidi."

"Walisema kweli?"

Hakunijibu. Aliendelea na udongo wake. Lakini wiki iliyofuata alinunua taa ya sola, akaiweka juu ya meza ya mkewe.

Ratiba waliyoipanga ilikuwa hivi. Mama huamka saa kumi alfajiri na kusoma hadi saa kumi na moja na nusu, kabla nyumba haijaamka. Usiku hasomi, kwani mwili uliolima mchana kutwa haushiki kitu usiku. Jumamosi hufundishwa Hisabati na mwalimu mstaafu wa kijijini, naye humlipa kwa mikungu ya ndizi. Vitabu aliazima kwa wanafunzi wa sekondari, na mitihani ya miaka iliyopita aliitolea nakala akaifanya yote.

Na kazi za nyumbani je? Hapa naomba tuwe macho. Mara nyingi mama akienda kusoma, mzigo wote humwangukia binti mkubwa. Binti wa nyumba hii yuko darasa la sita, naye ana mtihani wake mwakani. Tukimfungua mama kwa kumfunga binti, tumefanya nini? Walikubaliana baba achote maji kwa baiskeli asubuhi, binti apike chakula cha jioni siku tatu tu kwa wiki, na mama siku zilizobaki. Siku za kwanza ndizi ziliungua. Baadaye nyumba ikazoea, nao wakala vizuri tu.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni mvulana. Nyumbani alikuwa hajifunzi kitu. Kulikuwa na nafasi ya kumpeleka shule ya viziwi Mugeza, akae bweni. Mama alilia. Akasema, "Nitakwendaje kusomea watoto wa watu na wangu nimempeleka mbali?" Lakini alikumbuka penseli. Kule mtoto angekuta lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili yenye kanuni zake, na wenzake wa kuzungumza nao. Nyumbani alikuwa na mama peke yake. Siku ya kuondoka walipanda basi hadi Omurushaka, wakapita Kyaka, wakafika Bukoba jioni. Alirudi peke yake, na siku tatu hakufungua kitabu.

Unayoweza kuanza leo

Si kila mama atakwenda chuoni. Lakini karibu kila mama anaye mtoto mzito wa kushika masomo, wake au wa nduguye. Kutokana na mambo wanayofundishwa walimu wa elimu maalumu, haya machache yatakusaidia hata jikoni kwako.

Kwanza, anzia zahanati. Mtoto anayeitwa mtukutu huenda ana usaha sikioni au haoni mbali. Mpime masikio na macho kabla ya kumpima tabia. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, hivyo aketi mbele, mbali na mwanga mkali wa dirishani, avae kofia ya ukingo mpana awapo juani, na aandikiwe maandishi makubwa.

Pili, andika unachokiona. "Hawezi kusoma" ni neno la kukatisha tamaa, halimsaidii mtu. Andika hivi: "Anajua a, m na k. Anachanganya b na d." Hapo wewe na mwalimu mna pa kuanzia.

Tatu, katakata kazi vipande vidogo. Kufunga vifungo vya shati ni kazi ya hatua nyingi. Mfanyie zote, umwachie ya mwisho ya kuvuta kifungo kitoke, ili afurahi kuona amemaliza yeye. Kesho mwachie mbili za mwisho. Utarudi nyuma hivyohivyo hadi afanye zote.

Nne, kwa asiyesikia vizuri, usiongee ukiwa umempa mgongo. Simama pale mwanga unapouangukia uso wako, useme kwa utulivu bila kupiga kelele. Na jifunze alama, wewe na ndugu zake wote, asije akawa mgeni mezani kwao.

Tano, kwa asiyeona, jua kwamba maandishi ya nukta nundu yana nafasi sita tu, safu mbili za tatu tatu. Chukua trei ya mayai, ukate kipande cha vishimo sita, utumie mayai au viazi vidogo kama nukta. Louis Braille, Mfaransa aliyeyatengeneza, aliumia jicho katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu, akapofuka macho yote mawili. Alikuwa kijana wa miaka 15 tu alipoyapanga maandishi yake.

Sita, na hili ndilo kubwa: subiri. Mtoto akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kunyoosha mkono. Kisha mpe neno. Lisipotosha, mwonyeshe kwa kidole. Lisipotosha, mfanyie mfano mbele yake. Kumshika mkono iwe ya mwisho, na kumfanyia kabisa isiwepo. Nimejaribu na yule msichana wangu wa Jumapili. Kuhesabu hadi kumi ni kurefu sana mtoto anapokutazama kwa macho ya kuomba. Mara ya kwanza nilishindwa nilipofika sita. Ilipita miezi miwili kabla hajaandika herufi ya kwanza ya jina lake, kubwa, imepinda, bila mkono wangu.

Ilivyokuwa

Jirani yangu alifanya mtihani Novemba iliyopita, msimu wa senene, wakati watoto wa kijiji wanakimbilia taa usiku na kila nyumba inanukia kukaanga. Yeye alikuwa na kalamu zake mbili na kitambulisho, akipanda bodaboda alfajiri kwenda kituoni. Aliniambia chumba kilikuwa na vijana watupu, na msimamizi mmoja alimsalimia "shikamoo" akidhani ni mzazi aliyemleta mtoto.

Matokeo yametoka mwezi huu. Amepata C nne na D tatu. Hisabati ni moja ya zile D. Jumla pointi 24, daraja la tatu.

Sitaki kuwadanganya kwamba safari imekwisha. Sasa anasubiri tangazo la maombi ya chuo. Baada ya hapo ni miaka ya ualimu, kisha elimu maalumu, na Patandi iko mbali na Mabira, karibu siku mbili kwa basi. Atakapomaliza yote hayo mwanawe atakuwa kijana. Mtu mmoja kijijini alimwuliza, "Sasa inakufaa nini, na mtoto wako atakuwa ameshamaliza shule?" Akajibu, "Dawati la nyuma halikai tupu."

Mvulana alikuja likizo ya Desemba. Nilikuwapo mama yake alipotaka kumfungia mzigo wa nguo siku ya kurudi shuleni. Alimshika mkono mama yake taratibu, akauondoa, akafunga mwenyewe. Kisha akafanya alama moja ambayo mimi siijui. Nilimwuliza mama yake maana yake. Akaniambia amesema, "Naweza."

Mama yake alicheka, akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Sikumfuata.

Je, wewe mama unayesoma ukurasa huu, ni nani anayekaa dawati la nyuma katika shule ya kijiji chako? Na ni mama gani jirani yako aliyekuja kukuomba ushauri, ukamwambia wakati wake umepita? Kama yupo, mrudie kama nilivyorudi mimi. Mchukulie daftari na kalamu, mpige hesabu pamoja.